Mtungi wa gesi ya kuchomelea ukiingia nyumbani



Baada ya semina ya afya ya jumuiya zetu hapa Pugu, baba mmoja alibaki nyuma akaniuliza swali ambalo sikulitarajia. Kijana wake amenunua Kariakoo mashine ndogo ya kuchomelea vyuma, ile ya MIG ambayo mafundi huiita mashine ya waya. Anataka kujifunza kutengeneza grili, vitanda na majiko kwa kujifurahisha, jioni na siku za Jumamosi. Mashine inahitaji mtungi wa gesi, na dukani wametajiwa gesi za namna tatu. "Mama nesi, tununue ipi iliyo salama?"

Nikamwuliza kwanza kijana atafanyia kazi wapi. Akasema, "Chumbani kwake. Uani kuna upepo, unapeperusha gesi."

Jibu hilo ndilo lililonifanya niandike makala hii. Mwaka mmoja kabla ya hapo tulimpokea kijana mwingine, kichwa kinamwuma, anatapika, anaona kizunguzungu. Kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu. Nilipozidi kumhoji akasema alikuwa akichomelea tangu asubuhi katika chumba alichofunga mlango na dirisha, na kuziba upenyo wa chini ya mlango kwa gunia, ili mshono wa chuma utoke mzuri. Tulimpa oksijeni, akapata nafuu siku ile ile. Hakuwa mzembe, alifuata kile alichoambiwa na fundi, kwamba gesi haitaki upepo.

Ni kweli, gesi haitaki upepo. Lakini mapafu yanautaka. Shida yote ya kuchagua gesi kwa matumizi ya nyumbani imo humo.

Tuanze na kazi ya gesi yenyewe. Chuma kinapoyeyuka kwa umeme, oksijeni na naitrojeni ya hewani hukimbilia kuingia ndani yake. Kikipoa unakuta mshono una matundu kama kitumbua kilichopasuliwa, na hauna nguvu. Katika kuchomelea kwa vijiti, dawa iliyopakwa juu ya kijiti huungua na kutoa moshi unaofunika chuma. Waya wa MIG ni mtupu, hauna dawa. Kwa hiyo gesi hutoka kwenye mdomo wa bastola ya kuchomelea na kufukuza hewa ya kawaida mahali pale. Basi zingatieni, gesi hii kazi yake ni kufukuza hewa. Ikifanya kazi hiyo juu ya chuma, vema. Ikiifanya katika chumba kizima, mtu anabaki bila hewa.

Gesi ya kwanza ni kaboni dayoksaidi, ambayo wengi tunaiita hewa ukaa. Ndiyo ile ile inayotia mapovu kwenye soda, na ndiyo tunayoitoa kila tunapopumua nje. Hapa kwetu nyingine hutoka ardhini kwa maumbile. Wilayani Rungwe, mkoani Mbeya, kwenye nchi ya volkano za zamani, kampuni ya TOL Gases huivuna na kuijaza mitungini. Ni ya bei nafuu kuliko nyingine, nayo huchomelea vizuri chuma cha kawaida, hasa kilicho kinene. Ubaya wake kwa fundi ni cheche nyingi na mshono usio laini sana.

Ya pili ni arigoni. Hii imo katika hewa tunayovuta, lakini ni kidogo, haifiki lita 1 katika lita 100 za hewa. Kuitenganisha kunahitaji mitambo mikubwa na umeme mwingi, ndiyo maana bei yake ni kali. Arigoni tupu ni kwa alumini. Ukiitumia peke yake kwa chuma cha kawaida, mshono hukaa juu juu bila kushika vizuri, na fedha umeipoteza.

Ya tatu ni mchanganyiko wa hizo mbili, arigoni nyingi na hewa ukaa kiasi cha asilimia 18 hadi 25. Huu hutoa cheche chache na moshi mdogo zaidi, nao unafaa kwa mabati membamba kama ya bodi ya gari au bajaji.

Je, kwa afya ipi ni bora? Jibu langu halitawafurahisha wanaotaka neno moja, kwa sababu kila moja ina madhara ya namna yake.

Hewa ukaa ikipita kwenye ule moto mkali hupasuka, na sehemu yake hugeuka kaboni monoksaidi. Hiyo mnaijua ingawa pengine hamjui jina lake. Ni ile sumu ya jiko la mkaa lililowekwa ndani usiku, watu wakalala wasiamke. Mahali pa wazi hupeperuka, haina madhara makubwa. Katika chumba kilichofungwa, au ndani ya tangi la maji la chuma, au katika buti la gari, hujikusanya. Mama mjamzito ajihadhari zaidi, maana sumu hiyo huingia katika damu ya mtoto aliye tumboni, na mtoto huathirika hata mama anapojisikia vizuri kiasi. Tena umeme ukikatika kijana akawasha jenereta barazani, karibu na dirisha la chumba hicho hicho, sumu ni ile ile na ni nyingi zaidi ya ile ya kuchomelea.

Pamoja na hayo, hewa ukaa yenyewe ikizidi hulevya na kuua. Katika hewa ya kawaida haifiki hata nusu ya sehemu moja katika mia. Wataalamu wa usalama kazini wameweka kikomo cha nusu ya asilimia 1 kwa siku nzima ya kazi, na asilimia 3 kwa dakika chache tu. Ikifika asilimia 4 huhesabiwa kuwa hatari kwa maisha, na ikifika 10 mtu anaweza kuzimia kwa dakika chache. Hebu tupige hesabu kwa chumba cha kijana wetu. Chumba cha mita 3 kwa 3, chenye urefu wa mita 2.7 kwenda juu, kina hewa lita 24,300. Mashine hutumia takriban lita 10 za gesi kwa dakika. Saa moja ya kuchomelea mfululizo ni lita 600, yaani asilimia 2 na nusu ya chumba kile kikiwa kimezibwa. Hapo keshapita kikomo cha siku mara tano. Na mtungi wenye kilo 10 za hewa ukaa hutoa zaidi ya lita 5,000. Ukivuja wote usiku katika chumba hicho, sehemu moja katika tano ya hewa ya chumba inakuwa gesi. Mtu aliyelala humo haamki.

Huenda mtu akadhani ninatia chumvi. Ndugu zetu wa Goma na vijiji vya karibu na Ziwa Kivu, mashariki mwa Kongo, wanalo hata jina la kitu hiki, wanakiita mazuku. Ni hewa ukaa itokayo ardhini kwenye nchi ile ya volkano na kutuama mabondeni na mashimoni, kwa sababu ni nzito kuliko hewa ya kawaida mara moja na nusu. Mbuzi akishuka bondeni asubuhi anaanguka. Watu pia wamefia humo, na watoto ndio walio hatarini zaidi kwa kuwa vichwa vyao viko karibu na ardhi. Huko Kamerun, Agosti 1986, Ziwa Nyos lilitoa gesi hiyo kwa wingi usiku mmoja, wakafa watu zaidi ya 1,700. Nawaomba mkumbuke mtoto anayelala kwenye mkeka wakati mtungi umesimama pembeni.

Arigoni nayo haina sumu, lakini ina hila. Haina harufu, haina rangi, wala haiwashi kooni, nayo pia ni nzito kuliko hewa. Hewa ukaa ikizidi, angalau mwili hupiga kelele: mtu huhema, moyo hupiga mbio, kichwa huuma. Arigoni haina onyo hilo, kwa sababu kinachotufanya tuhisi kukosa pumzi ni hewa ukaa kuzidi mwilini, siyo oksijeni kupungua. Mtu anajiona mzima, kisha anaanguka. Mtungi mkubwa wa lita 50 uliojazwa kwa shinikizo la baa 200 unatoa takriban lita 10,000. Linganisheni na kile chumba chetu.

Jambo la pili kuhusu arigoni na mchanganyiko wake ni mwanga. Moshi unapopungua, mwanga wa kuchomelea unapita kwa ukali zaidi, na ile miale isiyoonekana inaunguza macho na ngozi. Miale hiyo pia hugeuza oksijeni ya hewani kuwa ozoni, hasa mtu anapochomelea alumini kwa arigoni, na ozoni hukwaruza koo na kifua. Kwa hiyo aliyenunua gesi ya bei kubwa asidhani amenunua na usalama wa macho. Avae kinga ya uso yenye kioo cheusi, namba 10 au 11 kwa mashine ndogo, shati la pamba la mikono mirefu lililofungwa hadi shingoni, na glovu za ngozi. Miwani ya jua haifai hata kidogo.

Mtoto aliyekuwa akichungulia mlangoni huanza kulia usiku, saa sita au zaidi baada ya kuangalia mwanga, akisema ana mchanga machoni. Msimtie maziwa ya mama, wala maji ya chai, wala viazi. Mwekeeni kitambaa safi kilicholoweshwa maji baridi, mpeni dawa ya kutuliza maumivu, kaeni naye mahali penye giza na asubuhi mleteni zahanati. Kwa kawaida hupona kwa siku moja au mbili. Ile dawa ya matone inayotia ganzi msiombe kwenda nayo nyumbani, maana ikitumiwa mara kwa mara huharibu kioo cha jicho.

Sasa moshi. Gesi yoyote utakayonunua, chuma chenyewe hutoa moshi, na mwaka 2017 shirika la utafiti wa kansa la Umoja wa Mataifa liliuingiza moshi wa kuchomelea katika kundi la vitu vinavyojulikana kwa hakika kusababisha kansa kwa binadamu. Madini ya manganizi yaliyomo kwenye waya yakivutwa kwa miaka mingi huweza kudhuru ubongo na mishipa ya fahamu. Mabomba na mabati yaliyopakwa zinki yana kisa chake. Fundi huyachomelea mchana, jioni mdomo una ladha ya chuma, usiku anatetemeka kwa baridi na homa, viungo vinauma. Nani hapa Pugu hatasema ni malaria? Hupita yenyewe kwa siku moja au mbili, na wengi wamemeza dawa za malaria bure kwa sababu hiyo. Mpime kwanza, na mwelezeni mganga kazi aliyoifanya mgonjwa. Afadhali zinki ikwanguliwe au isuguliwe mahali pa kuchomelea, huku umevaa barakoa, kabla ya kuwasha mashine.

Na maziwa? Kila fundi ataniambia kwamba anakunywa nusu lita baada ya kazi kusafisha kifua. Maziwa ni chakula kizuri, kunyweni, lakini yanakwenda tumboni. Mapafuni hayafiki.

Kuna pia waya wenye dawa ndani yake, usiohitaji mtungi kabisa. Wauzaji huwasifia sana wanaoanza, na kweli unavumilia upepo kwa sababu hufanya kazi kama vijiti. Ila moshi wake ni mwingi kuliko wa waya wa gesi. Kwa kazi ya uani penye upepo ni sawa. Chini ya dari, hapana.

Basi nilimshauri hivi yule baba. Kwa grili, vitanda na majiko ya chuma cha kawaida, hewa ukaa inatosha, na fedha atakayobakiza inunue kinga nzuri ya uso na turubai. Kama kijana atapenda baadaye kunyoosha bodi za gari, au atachomelea karibu kila siku, mchanganyiko unastahili gharama yake kwa sababu ya moshi mdogo. Arigoni tupu aiache mpaka siku atakapojifunza alumini. Stenlesi nisingependa aichomelee nyumbani kwa gesi yoyote ile, kwa kuwa moshi wake una kromiamu na nikeli, ambavyo ni vibaya zaidi kwa mapafu. Ikiwezekana aende hata kozi fupi kwanza. Chuo cha VETA Chang'ombe, kule Temeke, hufundisha kazi hii, na ni rahisi kuliko kujifunza kwa kuumia.

Lakini neno kubwa lilikuwa kuhusu chumba. Atoke. Kazi ifanyike uani chini ya banda lililo wazi pande mbili au tatu. Upande unaotoka upepo aweke turubai au bati lisiloshika moto, la kimo cha kufunika kazi tu, juu pabaki wazi. Ajiweke ubavu kwa upepo, siyo kuupa mgongo wala uso, ili moshi upite pembeni ya pua yake. Kichwa kisiinamie juu ya moshi. Mdomo wa bastola ukae karibu na chuma, kama upana wa kidole kimoja hivi, ndipo gesi itafunika vizuri hata kukiwa na kiupepo kidogo. Vijana wengi wakiona matundu kwenye mshono hufungua gesi zaidi. Kupita lita 15 kwa dakika katika mashine ndogo gesi inaanza kuzunguka na kuvuta hewa ya nje iingie, matundu yanazidi na mtungi unakwisha upesi. Feni iwekwe mbali, ivute moshi kuuondoa, isipulizie kazi.

Barakoa ya kitambaa haizuii moshi huu. Zile zilizoandikwa N95 au P2, ambazo wengi tulizifahamu wakati wa korona mwaka 2020, huzuia vumbi la moshi lakini hazizuii gesi. Hakuna barakoa ya dukani itakayomwokoa mtu katika chumba kilichojaa arigoni au hewa ukaa.

Kuhusu mtungi wenyewe, tatizo letu kubwa ni wezi. Watu huuingiza chumbani usiku wakiogopa utaibwa, nami siwalaumu. Lakini kijana anayejua kuchomelea anaweza kutengeneza kizimba cha nondo nyuma ya nyumba, chenye kivuli na kufuli, na hiyo iwe kazi yake ya kwanza. Mtungi usimame wima na ufungwe kwa mnyororo. Hewa ukaa imo mtungini ikiwa kimiminika, na shinikizo lake hupanda haraka joto linapozidi, hasa likipita digrii 31, jambo la kawaida Dar es Salaam. Usiachwe juani, wala kwenye gari lililofungwa. Kila jioni funga koki ya mtungi wenyewe, siyo ya mashine peke yake, na siku ya kubadilisha mtungi paka povu la sabuni kwenye maungio uone kama kuna mapovu yanayotoka. Ukiusafirisha, fungua madirisha ya gari. Na kwenye daladala, tafadhalini, hapana.

Wengi hulalamika kwamba wamepunjwa hewa ukaa, kwa kuwa geji ilionyesha umejaa halafu ghafla gesi ikaisha. Mara nyingi hawakupunjwa. Maadamu kuna kimiminika ndani, geji haishuki, huanguka mwishoni kabisa. Pimeni mtungi kwenye mizani, siku ya kununua na baadaye. Mtungi wa arigoni geji yake hushuka polepole kadiri unavyotumia.

Tena soma maandishi ya mtungi, usiamini rangi. Katika utaratibu wa zamani wa Waingereza mtungi mweusi uliweza kuwa wa oksijeni au wa hewa ukaa, na utaratibu mpya wa Ulaya una rangi nyingine. Oksijeni haichomelei MIG, na ikigusana na grisi au mafuta inaweza kulipuka. Gesi ya kupikia ndiyo kabisa isikaribie mashine hiyo. Pia msichomelee pipa lililowahi kuwa na petroli, wala chuma kilichosafishwa sasa hivi kwa dawa za kuondoa grisi zenye klorini, kwa kuwa mwanga wa kuchomelea hugeuza mvuke wake kuwa sumu kali.

Mkimkuta mtu ameanguka ndani ya chumba chenye mtungi, msikimbilie ndani kama inavyotokea kwenye visima na mashimo ya vyoo, ambako anayekwenda kuokoa hufa pia. Fungueni mlango na madirisha kwa nje, vunjeni kioo ikibidi, kateni umeme, iteni watu, pigieni Zimamoto namba 114. Hewa ikishapita, mtoeni hadi uani. Kama hapumui, anayejua kupuliza pumzi mdomoni na kukandamiza kifua aanze mara moja. Mpelekeni hospitali yenye oksijeni hata akizinduka na kusema amepona, na mwelezeni mganga ni gesi gani iliyokuwa mtungini.

Yule baba alinipigia simu majuma mawili baadaye. Wamenunua hewa ukaa, kilo 10. Mke wake amekubali kutoa upande mmoja wa banda la kuku.